Stata ya Mkunga

Watu walimwita Sikio. Jina hilo alilipata kwa jasho lake, kisha akawa analitia chumvi mwenyewe mwaka hadi mwaka. Ilisemwa kwamba siku moja, akiwa bafuni amejaa sabuni mpaka ndani ya masikio, alisikia lori likipita ng'ambo ya mto, akachungulia dirishani na kupiga kelele: "We dereva! Beringi ya nyuma, kushoto!" Lori halikufika mbali. Gurudumu la nyuma kushoto liliachana nalo, likatangulia mbele kama lina haraka ya kwenda msibani. Mwanzoni lori lilikuwa moja. Alipostaafu kutoka karakana ya idara ya maji lilikuwa limeshakuwa msafara wa malori matatu, na ule mto ulikuwa umepanuka.

Alichokipenda kuliko vyote ni stata. Mteja yeyote aliyekaribia alisomewa somo, atake asitake.

"Ikisema ta! mara moja ikanyamaza, tazama swichi yake ya mgongoni. Ikisema ta-ta-ta-ta kama mtu mwenye homa, hiyo ni njaa, betri haina kitu au vichwa vyake vina kutu. Ikizunguka wiii na injini bado imelala, bendiksi, ile gia yake ndogo, haijashika meno. Ikikwangua krrr, meno yameliwa. Stata haijawahi kumdanganya mtu. Waongo ni sisi."

Baada ya kustaafu alihamia kwenye gereji alikofanya kazi binti yake, kitinda mimba wake, ambaye alimfundisha kushika spana kabla hajajua kushika kalamu. Kila asubuhi mzee alikuja, akaketi juu ya kiti cha gari kilichong'olewa, kati ya meza yenye jiliwa ya kubania vyuma na pipa la vyuma chakavu, akawa anasikiliza magari ya watu na kutoa hukumu. Hakuna aliyemlipa wala aliyemfukuza. Binti alimwekea glasi ya chai, na kila aliposema naye alizunguka akasimama upande wake wa kushoto. Mzee aliona ni mazoea tu ya mtoto.

Gereji ile ilikuwa na jambo lake. Langoni, pale ambapo hata msukuma mkokoteni angeweza kusoma, palitundikwa ubao mweusi. Gari likirudi na ugonjwa uleule uliotibiwa, jina la fundi liliandikwa kwa chaki na mstari mmoja mbele yake. Mistari mitatu kwa ugonjwa mmoja, fundi alivua ufundi akaosha vyuma kwa petroli miezi sita. Kanuni hiyo aliiweka Mwenye Gereji mwenyewe, mtu mnene mwenye mgongo mbovu, ambaye mwezi huo alikuwa ametangaza kwamba anakwenda kuulaza mgongo wake nyumbani na funguo za gereji atamwachia fundi mmoja. Wote walijua ni nani. Binti wa Sikio alikuwa na miaka minne bila jina lake kugusa ubao. Aliyebaki kumfuata kwa karibu ni fundi waliyemwita Domo, na Domo alikuwa akigusa ubao ule mara nyingi kuliko chaki.

Basi siku hiyo akaja Mkunga na kigari chake cheupe, kikongwe kuliko baadhi ya akina mama aliowazalisha. Stata ilikuwa inazunguka kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Binti alikuwa chini ya lori, giaboksi imemkalia kifuani.

"Mama Mkunga, nipe nusu saa tu," alisema kutoka huko chini.

"Nusu saa ya nini?" Sikio akainuka. "Kuna watoto wanakuja duniani, wakute mkunga anasubiri foleni? Nipeni spana."

"Baba, wewe umestaafu."

"Nimestaafu mshahara. Mikono sijaistaafisha."

Akaishusha stata, akaifungua, akakuta kaboni zimekwisha kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Akaweka nyingine, akasafisha, akapaka grisi. Mikono ilikuwa bado inajua, na moyo wake ukanenepa. Alipokuwa akiichomoa stata kwenye injini, vibati viwili vyembamba, vyeusi kwa mafuta, vyenye umbo la kucha, vilidondoka mchangani. Akaviokota, akavigeuza. "Viraka vya wababaishaji," akajiambia, akavitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Kisha akarudisha stata mahali pake, ila bolti ya juu ilimshinda kwa mkono kutofika. Binti aliyekwisha kutoka chini ya lori akapenyeza mkono wake mwembamba, akaikaza.

Mkunga akazungusha ufunguo. Gari likawaka kabla hajamaliza.

"Mmeona?" Sikio akapiga makofi. "Limetulia kama maji mtungini!"

Binti aliinamisha kichwa upande mmoja, kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Akafungua mdomo. Lakini simu ya Mkunga iliita, kulikuwa na mama mmoja uchungu umemshika, na gari likatoka langoni kwa kasi.

Siku ya pili yake likarudi.

"Mzee wangu, samahani," Mkunga alisema, na alisema kwa haya, maana kumrudishia Sikio gari ilikuwa kama kumrudishia mpishi chakula. "Linawaka vizuri sana. Ila likishawaka, kuna kitu kinalia. Kidogo tu. Kama mbu."

"Mbu." Sikio akacheka. "Hebu washa tukamsikilize huyo mbu."

Gari likawaka. Sikio akainama juu ya injini, kiganja nyuma ya sikio, macho kayafumba, kama alivyofanya miaka arobaini. Akasikia mngurumo mzuri, mnene, ulioshiba. Hakusikia mbu. Akaamuru lizimwe, liwashwe tena.

"Hakuna kitu."

"Mimi kama nimesikia..." alianza Domo.

"Wewe unasikia sufuria zikifunuliwa mtaa wa pili. Haya ya injini tuachie sisi."

Watu wakacheka. Domo naye akacheka, akakuna kichwa pasipowasha. "Basi kama Sikio hajasikia, hakipo."

Mkunga, mwanamke aliyesikia kilio cha kwanza cha nusu ya mji ule, aliyeweza kumtambua mtoto mgonjwa kwa namna anavyolia tu, akatazama chini. "Pengine ni masikio yangu," alisema.

"Baba," binti akaja kushoto kwake, taratibu, "niachie gari hili leo nilitazame."

"Ulitazame nini? Mtu mzima akitazamwa sana anaugua." Naye akamkabidhi Mkunga ufunguo mbele ya wote.

Mwenye Gereji akajikokota mpaka langoni na chaki yake. Gari limerudi, limerudi, hata kama ni kwa mbu wa kufikirika. Kwa kuwa mstaafu hana jina ubaoni, na kazi iliingia kwa jina la binti, ni jina la binti lililoandikwa. Mstari mmoja. Sikio akasema huo ni uonevu, akasema kwa sauti kubwa, na akarudi kukaa.

Juma halijaisha, kigari cheupe kikaingia tena, na safari hii hakikuhitaji maelezo. Mkunga alikizima, akakiwasha wasikie, na hapo Sikio akaona kitu ambacho hajawahi kukiona. Domo alikunja uso kama aliyeng'ata limao. Mabega ya Mkunga yalipanda. Msukuma mkokoteni aliyekuwa anapita langoni alisimama akageuka. Mwenye Gereji aliweka kidole sikioni.

Sikio alisikia mngurumo. Mzuri, mnene, ulioshiba. Basi.

Watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama yeye, wanangoja hukumu kama ilivyo ada, na yeye hakuwa na cha kuhukumu. Akasogea karibu. Akagusa hiki, akagusa kile. Hakuna. Ilikuwa kama kutia mkono mfukoni mbele ya watu ukakuta mfuko umetoboka.

"Aa!" akasema. "Sasa naisikia!"

"Ni nini, mzee?" Mwenye Gereji akauliza.

Ni nini? Akashika neno la kwanza lililopita karibu. "Bolti. Stata inacheza. Bolti haikukazwa." Na kwa kuwa neno moja la uongo haliwezi kusimama bila mkongojo, akaongeza: "Nani alikaza ile bolti ya juu?"

Alijua ni nani. Kila mtu alijua.

Binti alikuwa amesimama palepale kushoto kwake. Alimtazama baba yake kwa muda, si mrefu, kama wa mtu kuvuta pumzi mara mbili.

"Ni mimi, baba."

"Nilikufundisha nini kuhusu bolti?"

"Samahani, baba."

Mstari wa pili ukachorwa. Chaki ilivunjika katikati, Mwenye Gereji akaokota kipande na kumalizia.

Binti alipoingia chini ya gari, baba alishika taa. Spana ikakaa juu ya bolti. Haikusogea hata unywele. Ilikuwa imekazwa kama alivyofundishwa, na walioliona hilo walikuwa watu wawili tu. Binti akaishusha stata, akapima kwa waya mwembamba nafasi kati ya meno ya bendiksi na meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Waya haukupita.

"Meno yamebana mno," alisema. "Likiwaka, bendiksi haipati nafasi ya kuachia, inaburuzwa. Ndiyo inayolia." Akafuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Baba. Siku ile ulipoitoa, hapa katikati palikuwa na kitu? Kibati, washa ya bolti, chochote cha kuisogeza nyuma?"

Vile vibati viwili vikamjia mbele ya macho, vimekaa kiganjani mwake, vyeusi, vyenye umbo la kucha. Si viraka vya wababaishaji. Mtu aliyeviweka pale alijua alichofanya kuliko yeye. Angeweza kusema. Ilikuwa neno moja tu, na sikio la kulisikia lilikuwa la mwanawe. Lakini hatua tatu kutoka pale Domo alikuwa anapuliza vumbi kwenye chujio ambalo halikuwa na vumbi.

"Hapakuwa na kitu," alisema Sikio.

"Una hakika?"

"Unaniuliza *mimi*?"

Binti akarudisha macho kwenye stata. "Sawa."

Bila kujua kilichokuwepo, alibaki kubahatisha. Akamwomba Mkunga aliache gari. Mkunga akasema hawezi, kuna wajawazito wawili wanaomhesabia siku, ila atalileta keshokutwa bila kukosa. Binti akaweka bendiksi mpya, kelele ikapungua kidogo, akamwambia: "Usilizime ovyo, mama. Na likianza kukwama, usilazimishe."

Alasiri hiyo Sikio alikaa jikoni kwake, jiko likiwa mgongoni kwake, anatazama ukuta. Mkewe akaingia mbio kutoka uani, ndoo ya nguo mkononi, akazima moto.

"Birika linapiga filimbi mpaka jirani ameniita ukutani, na wewe umekaa nalo kama wageni wasiojuana!"

"Nilikuwa naelekea kulitoa."

"Ukielekea na miguu ipi? Hiyo uliyoivua viatu?"

Mkewe akaweka ndoo chini, akavuta kigoda akaketi mbele yake. Alikuwa mwanamke wa maneno mafupi, aliyeishi na mtu wa maneno marefu akaona nyumba moja haihitaji wawili.

"Baba watoto, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Niambie mimi."

"Bado sijafa."

"Ndiyo maana nakuuliza sasa."

Akatazama birika. Mvuke ulikuwa bado unatoka puani mwake. Ilimpitia akilini kwamba hajui mara ya mwisho alisikia filimbi ile lini. Wala ndege. Asubuhi ngapi alikuwa amekaa mlangoni akidhani ndege wamehama mtaa?

"Ngurumo nazisikia," akasema. "Sauti za wanaume. Milango. Ni zile nyembamba tu."

"Tunajua."

"Mnajua nani na nani?"

"Mimi. Mwanao. Mjukuu wako wa miaka mitano, ambaye akitaka kitu kwako anaongea kama mlinzi wa benki. Unadhani alizaliwa na sauti nene?" Akajaribu kucheka, hakuweza. "Mwanao ndiye aliyegundua. Mwaka juzi. Akatuambia tusimame kushoto kwako, ndiko kuna nafuu, tuseme kwa sauti ya chini ya tumbo, na tusikuulize kitu. Akasema, 'Baba akijua tunajua, hatakuja tena gereji.'"

Sikio akashika ukingo wa meza.

Anajua. Tangu mwaka juzi. Basi pale aliposimama mbele ya watu akasema *Aa! Sasa naisikia!*, palikuwa na mtu mmoja aliyejua kwamba hasikii, na mtu huyo alikuwa kushoto kwake. Alimtazama akidanganya. Alimsikiliza akiitafuta bolti ya kuangushia uongo wake, akamwona anaipata, na alipoona bolti yenyewe ni yake, akasema *samahani, baba*. Mzee alikuwa amedhani ni unyenyekevu wa mtoto. Kumbe alikuwa amevuliwa nguo hadharani, na mwanawe akavua jina lake mwenyewe akamfunika nalo.

Na baada ya hayo, akiwa chini ya gari, akaulizwa swali moja.

"Mbona umebadilika rangi?" mkewe akauliza. "Kuna kingine?"

"Hakuna."

Hata hilo lilikuwa la uongo. Alianza kuyazoea.

Kesho yake alisema mgongo unamuuma. Keshokutwa yake alivaa, akaondoka, akafika kwenye kona ambapo gereji inaonekana. Akaona ubao. Kutoka pale hakuweza kusoma jina, lakini mistari miwili ya chaki aliiona, myeupe kama meno. Akaingia duka la kona, akanunua kiberiti, akasimama kwenye baraza la duka akijiandaa. Alipomaliza kujiandaa akakuta bado. Akanunua kiberiti kingine. Muuza duka akamuuliza kama nyumbani umeme umekatika.

Alikuwa na viberiti vinne mfukoni alipoona lori la mchanga linapita polepole, linavuta kitu kwa kamba. Kilikuwa kigari cheupe. Mkunga alikuwa ameshika usukani, mkoba wake wa kazi juu ya mapaja, anatazama mbele moja kwa moja.

Sikio akalifuata. Hakukumbuka kuamua kulifuata, miguu ilikwenda.

Alipofika langoni, Mkunga alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo kwa bahati mbaya Sikio aliisikia neno kwa neno. Ameitwa alfajiri. Amezungusha ufunguo, gari likasema krrr, likakwama. Amekimbia kwa miguu, kisha akaomba baiskeli. Amefika akakuta mtoto ameshazaliwa, amepokelewa na jirani, fundi cherehani, kitovu kimekatwa kwa mkasi wa kushonea.

"Mama mzima, mtoto mzima, Mungu ni mwema," akasema Mkunga. "Lakini miaka ishirini na sita sijawahi kumkuta mtoto ananisubiri."

Mwenye Gereji aligeuza chaki vidoleni. Alionekana kuumwa, na si mgongo.

"Binti, huu ni wa tatu. Kanuni niliiweka mwenyewe, siwezi kuiruka kwa kuwa ni wewe."

"Ndiyo, bosi."

Alisimama wima, mikono imeshuka ubavuni, mafuta mpaka viwikoni. Hakumtazama baba yake. Domo, ambaye funguo zilikuwa zimegeuka njia na kuelekea kwake, alikuwa anachunguza kiatu chake.

"Mnajua," Sikio akaanza, "mwaka ule nilipokuwa karakana ya maji..."

Ulimi tu ulitangulia, kwa mazoea. Lakini watu wote waligeuka, na kwenye nyuso zao alikuta kitu kilichomchoma kuliko chaki: walikuwa wameshaandaa tabasamu. Hata katika saa kama ile walikuwa tayari kumchekea, kama mtu anavyomwekea babu mto wa kuegemea. Akakaa kimya mpaka tabasamu zikachoka, moja baada ya nyingine.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini, mzee?"

"Palikuwa na vibati viwili kati ya stata na injini. Nilivitupa. Niliona vichafu, nikasema ni viraka." Akamwonyesha binti kwa kidole. "Huyu aliniuliza. Aliniuliza juzi, kwa kinywa chake, nikamwambia hapakuwa na kitu."

Mwenye Gereji alikuwa mtu mwema. Akamfungulia mlango wa nyuma. "Si ulikuwa umesahau, mzee. Umri nao."

Mlango ule ulikuwa wazi kabisa. Mtu angeweza kupita na heshima yake yote kichwani asigonge mahali.

"Sikusahau," akasema Sikio. "Nilikumbuka palepale alipouliza. Na bolti ilikuwa imekazwa, niliiona mwenyewe, nimeshika taa. Na ile sauti... sijawahi kuisikia. Siku ya kwanza sikuisikia, na siku niliposema naisikia sikuisikia. Sisikii sauti nyembamba. Birika silisikii. Ndege siwasikii."

Kicheko kilimtoka Domo puani, kifupi, kisha naye akakionea aibu akakigeuza kikohozi.

Mkunga ndiye aliyesema. "Mimi niliisikia siku ya kwanza, mzee wangu. Ulipokataa, nikaona masikio yangu ndiyo mabovu. Kuanzia siku ile nikisikiliza moyo wa mtoto tumboni, nasikiliza mara mbili, sijiamini." Hakupandisha sauti. "Na huyu wa leo kakatwa kitovu kwa mkasi uliokatia suruali. Nilitaka tu ujue."

"Nisamehe."

"Nitajaribu. Leo usinidai jibu."

Mwenye Gereji akafuta jina la binti kwa kiganja. Akaandika SIKIO, herufi kubwa, mistari mitatu, ingawa mstaafu hana jina ubaoni. "Petroli ya kuoshea vyuma iko kule nyuma," alisema. "Na funguo," akageuka kwa binti, "tutazizungumza nikilisikia gari hili likiwa zima."

Mzee alidhani sasa mwanawe atamjia. Atasema *basi, baba, yamekwisha*. Binti akaja kweli, akasimama mbele yake, si kushoto, na macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira.

"Mambo ya masikio ningeyabeba miaka kumi," akasema. "Sikukuuliza habari ya masikio. Nilikuuliza kama palikuwa na kibati. Ungesema, ningemaliza kwa dakika ishirini, na yule mtoto angepokelewa na mkunga."

"Najua, mama."

"Hujui." Akainama kuchukua jeki. Kisha, mgongo umemgeukia: "Lile pipa limeshachukuliwa na watu wa vyuma. Kata vingine. Kuna bati kwenye meza. Mikono na macho bado unavyo."

Akakata. Jiliwa ikashika bati, tupa ikalilainisha kingo, msumari moto ukatoboa matundu ya bolti. Chuma kilimkata kidole cha shahada, akakifunga kitambaa, akaendelea. Binti alipochungulia ndani alikuta bendiksi imeliwa meno, ila flaiwili imepona kwa bahati. Akafunga bendiksi nyingine, akaweka kibati cha kwanza, akakaza.

"Washa, mama," akamwambia Mkunga.

Gari likawaka. Mngurumo mzuri, mnene. Sikio alikuwa ameshika taa ya kazi. Miaka arobaini watu walikuwa wakimuuliza yeye. Hakuwahi kumuuliza mtu, hata mara moja, hata kwa mzaha.

"Inalia?" akauliza.

"Inalia," alisema binti.

"Sana?"

"Kama siku ya kwanza."

Wakaishusha tena. Kibati cha pili. Vyuma vilikuwa vimeshapata moto, mikono ikaungua, hakuna aliyelalamika.

"Sasa?"

"Kuna kidogo. Mwishoni, ufunguo ukiachiwa."

Domo alikuwa amesogea. "Kweli, mwishoni," alisema kwa upole, na Sikio akaitikia kwa kichwa, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuitikia nacho. Akarudi kwenye jiliwa, akakata kibati cha tatu, chembamba kama ganda la kitunguu. Wakashusha. Wakaweka. Wakakaza.

Mkunga akazungusha ufunguo.

"Sasa?"

Binti aliinamisha kichwa upande mmoja. Mkunga ameshika usukani, pumzi kaizuia. Mwenye Gereji kafumba macho. Sikio alizunguka kutoka uso hadi uso kama mtu aliyepewa barua yenye maandishi asiyoyajua. Hakuona hata mmoja uliokunjamana, lakini nyuso zilikuwa zimeshamdanganya kwa kumheshimu, na yeye alikuwa amezidanganya kwa kujiheshimu, na sasa hakujua ashike lipi.

"Zima," akasema binti. "Washa tena." Akasikiliza. "Imenyamaza."

Mwenye Gereji akafumbua macho. Akatoa kitita cha funguo kiunoni, akakiweka mezani karibu na mkono wa binti bila hotuba, akaenda kuketi.

Mdomo wa Sikio ukafunguka wenyewe. *Kweli, imenyamaza, hata mimi nimesikia.* Maneno yalikuwa yamekwisha kufika kwenye meno. Akaufunga.

"Haya," alisema baadaye. "Kama umesema."

"Shika taa vizuri, baba," akasema binti, bado hajamtazama. "Unanimulika machoni."

Akaisogeza.